Lenzi "iliyopimwa" inayokataa f/8: uzoefu wangu na duka la kamera zilizotumika

Naanza na la maana kwa ajili ya asiye na muda wa kusoma hadi chini. Duka hili la mtandaoni likikuambia kwamba Canon EF 24-105mm f/4L "imepimwa na fundi, inafanya kazi asilimia mia", omba video ya lenzi hiyo ikipiga kwenye milimita 24, yaani pembe pana kabisa, upenyo f/8. (Upenyo ni tundu la kupitishia mwanga: namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo, na kwa lenzi hii f/4 ndiyo wazi kabisa.) Picha usikubali, taka video. Wakikwepa, pesa yako ibaki kwenye simu yako.

Niliagiza kwao vitu viwili, bodi ya Canon 6D (kamera yenyewe bila lenzi) na lenzi hiyo, kupitia wakala wao wa hapa Lubumbashi. Malipo ya dola kwa simu, mzigo kupitia Dubai, kama tulivyozoea wengi mjini. Sitataja jina la duka. Wanaonunua vifaa hivi hapa watalitambua wenyewe.

Kwa haki, bodi ni nzuri. Nzuri kweli. Canon haiandiki idadi ya mipigo ya shata (pazia la kamera linalofunguka kila unapopiga) ndani ya faili ya picha ya JPEG kama Nikon inavyofanya, kwa hiyo kamera lazima iunganishwe na kompyuta kwa waya na isomwe kwa programu. (Na muuzaji akikuonyesha faili ya IMG_0450 kama ushahidi kwamba kamera haijatumika, mwache: namba ikifika 9999 inarudi mwanzo.) Hesabu ililingana na tangazo, na bado iko mbali na mipigo 100,000 ambayo shata ya 6D iliundwa kuivumilia. Kutafuta vumbi kwenye sensa nilipiga anga tupu kwa f/16, fokasi ikiwa imeharibiwa makusudi, nikakuza picha: doa moja dogo kwenye kona, likaondoka kwa pampu ya hewa. Betri ni LP-E6, menyu ya betri inaitambua na kuonyesha vimraba vitatu vya kijani, yaani bado inachaji vizuri. Kama ningeandika siku hiyo, wangepata nyota nne bila kusita.

Lenzi ndiyo iliyoharibu yote.

Kwenye f/4 haina kasoro. Kioo ni safi, hakuna kuvu wala ukungu hata ukimulika tochi kutoka nyuma, fokasi inashika upesi. Sasa weka f/5.6, zungusha zumu hadi 24, bonyeza. Shata inakwama katikati, skrini inaandika Err 01. Zima, washa, piga tena: Err 01. Ukivuta hadi 105 picha moja ya f/8 inaweza kupita, inayofuata inakwama.

Huu ni ugonjwa unaojulikana wa lenzi hii, na sababu yake si siri. Lenzi za EF hazina pete ya upenyo. Kamera inatuma amri ya umeme, na mota ndogo ndani ya lenzi ndiyo inayofunga vibati vya upenyo. Umeme unaifikia mota hiyo kupitia kebo bapa, utepe wa plastiki wenye njia nyembamba za shaba. Kila unapozungusha zumu, utepe unajikunja na kujikunjua. Baada ya miaka ya kazi shaba inapasuka pale pale kwenye mkunjo, na mara nyingi upande wa 24 ndio unaotangulia kufa. Lakini unapotazama kupitia kamera, upenyo uko wazi muda wote. Unafungwa tu wakati wa kupiga. Ukipiga kwa f/4 hakuna cha kufunga, mota haifanyi kazi yoyote, na lenzi mbovu inapita mtihani kama nzima.

Ndiyo maana nikarudi kwenye picha za majaribio walizonitumia kabla ya malipo. Nilifungua taarifa zilizoandikwa ndani ya faili. Ukuta, f/4. Maua kwenye chombo, f/4. Gari barabarani, jua kali la mchana, kasi ya shata 1/2000 ya sekunde, f/4. Hakuna hata moja iliyofungwa upenyo. Mpiga picha gani anapiga gari lililosimama juani kwa f/4 na 1/2000? Nilipoziona mara ya kwanza nilijiambia labda aliyepima alikuwa mvivu tu. Nilitaka kuamini hivyo.

Nikamwandikia wakala: tatizo, hatua nilizofuata, video. Lenzi yangu ya milimita 50 kwenye bodi hiyo hiyo inapiga f/8 bila shida. Lenzi yao kwenye bodi ya mwenzangu inatoa Err 01 ile ile. Jibu likaja kwa sauti: nisafishe miguso (vidoti vya dhahabu vinavyounganisha lenzi na kamera) kwa kifutio cha penseli. Yaani alisoma tu maandishi ambayo kamera yenyewe inaonyesha, kwa sababu Err 01 inakuambia mawasiliano na lenzi yana hitilafu na usafishe miguso. Nikamweleza kwamba fokasi na kizuia mtikisiko vinapitia miguso hiyo hiyo na vyote vinafanya kazi. Kama ni uchafu, mbona f/4 haiugui? (Na kifutio msitumie. Kinakwangua dhahabu na kuacha makombo yanayoangukia ndani ya kamera. Kitambaa kikavu kinatosha, au tone la alkoholi kwenye kitambaa, kamwe si juu ya lenzi.)

Akanijibu hivi: "Mukubwa, objektifu ni muzima. Njo weye hauyue kuitumikisha."

Sauti hiyo ninayo bado. Mtu amepokea dola zangu, hajawahi kuishika lenzi, hajui upenyo unafungwa lini, ananiambia sijui kutumia. Angesema "ngoja niulize fundi", ningengoja. Angesema hawarudishi pesa, ningekasirika kiasi. Aliniita mjinga huku ushahidi uko kwenye faili zake mwenyewe.

Kuna watakaosema, si upige f/4 tu? Jibu analo kila anayepiga harusi mjini hapa. Kikundi cha familia mbele ya komini, ofisi inakofungwa ndoa, ni safu tatu, nne, pamoja na watoto waliochuchumaa mbele. Ukisimama mita 4 kutoka kwa safu unayoilenga, kwenye milimita 50, f/4 inakupa kina cha mita 1.6 hivi, yaani eneo linaloonekana kwa ukali: safu ya mbele au ya nyuma itatoka laini, bila ukali. Kwa f/8 unapata zaidi ya mita 3.5 na kila mzazi anaonekana. Halafu kuna jua. Saa sita mchana, gauni jeupe na nyuso zetu nyeusi, bila fleshi ya kujaza vivuli macho yanabaki mashimo. Fleshi kwenye 6D inaenda sambamba na shata hadi 1/180. Kwa ISO 100 (usikivu wa chini wa kamera kwa mwanga), jua hilo na 1/180 vinadai upenyo wa karibu f/11. Ukilazimishwa f/4 utahitaji kasi ya 1/1600, na hapo unabaki na fleshi ya kasi ya juu, ambayo inapoteza nguvu nyingi kiasi kwamba haifiki safu ya nyuma. Lenzi inayokataa kufunga upenyo si lenzi ya kazi. Ni ya picha za uso kivulini.

Nikaomba dhamana. Walitangaza siku 14. Ndipo nikajifunza kwamba siku hizo zinahesabiwa tangu mzigo unapoondoka kwao, si unaponifikia. Mzigo unaopita Dubai na kusubiri duane (forodha) unafika Lubumbashi dhamana imeshakufa. Kwa mteja wa hapa dhamana hiyo haikuwahi kuwepo, na wanajua, kwa sababu safari wanaipanga wao.

Na lile la umri: tangazo lilisema lenzi ni "ya miaka ya karibuni". Nyuma, kwenye ukingo mweusi wa ndani karibu na miguso, Canon walikuwa wakipiga muhuri wa herufi mbili na tarakimu. Yangu inaanza na UW: U ni kiwanda cha Utsunomiya, W ni mwaka 2008. Herufi ya mwaka inapanda moja kila mwaka, T ni 2005, ndio mwaka lenzi hii ilipotoka, U ni 2006, V ni 2007. Mwombe muuzaji picha ya muhuri huo. Utepe wa 2008 umekunjwa mara nyingi mno.

Inatengenezeka. Kebo peke yake inauzwa lakini inataka solda ya mkono mtulivu. Kitengo kizima cha upenyo kinakuja na kebo yake tayari, na ndicho ninachopendekeza. Usimpe fundi mwenye bisibisi za simu tu. Skrubu za Japani ni za msalaba wa JIS, bisibisi ya Phillips inapanda na kula kichwa, kisha hapatoki kitu. Fundi aweke alama mahali kila kioo kilipokaa kabla ya kukigusa, la sivyo upande mmoja wa picha utabaki laini daima. Na afanyie kazi chumba kilichofungwa madirisha. Kiangazi chetu na vumbi lile jekundu havisamehe lenzi iliyo wazi.

Nilipoanza kuandika nilikuwa nimeweka nyota tatu: nne za bodi, mbili za lenzi, nikagawanya. Nilitaka hata kusema bodi nunueni kwao bila woga. Lakini nimezifungua tena zile picha za majaribio ili niandike namba sawasawa, na kuna moja sikuwa nimeiangalia vizuri, ya ukuta, kwenye milimita 24. Namba ya faili yake na ya picha inayofuata zinaruka: katikati zinakosekana kumi na moja. Labda zilikuwa za giza, labda za kitu kingine. Siwezi kuapa. Ila nimemuuliza wakala zile kumi na moja zilikuwa za f ngapi, ujumbe umesomwa, na tangu hapo namba yangu imefungiwa.

Nyota moja. Ya bodi.