Miaka minne na Corvette ya 1977: uzoefu wangu wa gharama na matumizi

Ninaishi Bowling Green, katika jimbo la Kentucky, mji ambao Corvette, magari ya michezo ya kampuni ya Chevrolet, zimekuwa zikiundwa tangu mwaka 1981, na kwa sababu hiyo kila anayeliona gari langu hudhani kwamba limetoka kiwanda cha hapa. Sivyo. Gari langu ni la mwaka 1977, na Corvette za mwaka huo ziliundwa St. Louis, jimbo la Missouri, kabla kazi haijahamishiwa huku. Mimi mwenyewe nilizaliwa Uvira, mashariki mwa Kongo, nikakulia katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, Tanzania, kwa hiyo huwa siwakasirikii watu wanaokosea asili ya mtu au ya kitu.

Nililinunua mwaka 2021 kwa dola 11,800. Lina injini ya silinda nane ya lita 5.7, gia za kujibadilisha zenyewe, siti mbili tu za ngozi na bodi ya faibaglasi. Mita ya mwendo ilionyesha maili 41,000, lakini mita hiyo ina tarakimu tano, ikifika mwisho inaanza upya, hivyo huenda ni 141,000 na hakuna wa kuthibitisha. Ukinunua gari la umri huu, usilipie mita. Lipia hali yake.

Hali yenyewe haionekani kwa urahisi. Faibaglasi haishiki kutu, na hapo ndipo wengi hudanganyika, kwa maana chini ya bodi hiyo nzuri kuna chesesi ya chuma, na kuna fremu ya chuma inayozunguka kioo cha mbele na milango, ambayo huoza kimyakimya kwa maji yanayopenya pembeni mwa kioo. Gari la kwanza nililokwenda kulitazama lilikuwa jekundu, limepakwa rangi upya, na injini yake ilinguruma vizuri mno. Nilimwomba mwenye gari ruhusa ya kufungua vipande vya plastiki vilivyo pembeni mwa miguu ya dereva, nikamulika kwa tochi, nikagusa chuma kwa ncha ya bisibisi, na bisibisi ikazama. Nilimshukuru nikaondoka. Kuirudishia fremu ile uzima kungehitaji kuitenganisha bodi na chesesi, kazi ambayo gharama yake ingepita bei ya gari lenyewe.

Kuhusu nguvu, anayetarajia maajabu atavunjika moyo. Mwaka 1977 injini hii ya kawaida ilitangazwa kuwa na nguvu farasi 180, kwa kuwa miaka ile sheria za kupunguza moshi zilikuwa zimewalazimisha watengenezaji kushusha mgandamizo ndani ya silinda na kuweka kichujio cha moshi kwenye ekzosi. Mke wangu anaendesha Camry ya mwaka 2018 yenye injini ya lita 2.5, ndogo kuliko nusu ya yangu, nayo ina nguvu farasi 203. Tukiondoka pamoja kwenye taa, ananiacha, naye hafanyi siri jambo hilo. Ninachopata mimi ni msukumo mzito unaoanza chini kabisa, pamoja na sauti. Kabureta ya gari hili, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, ina matundu manne: mawili madogo ya mwendo wa kawaida, na mawili makubwa ya nyuma ambayo hufunguka pale tu unapokanyaga mafuta sana. Yanapofunguka, injini hubadili sauti ghafla kana kwamba mtu amefungua dirisha la chumba chenye watu wengi. Ninaifanya hivyo mara moja moja, nikiingia barabara kuu ya I-65, na nakiri kwamba huwa nazima redio kwanza.

Sasa fedha. Jambo lililonishangaza ni kwamba spea za gari hili si ghali. Karibu kila kitu, kuanzia vishikizo vya milango hadi mazulia, bado kinatengenezwa kipya na kuuzwa kwa njia ya posta, kwa kuwa Corvette za kizazi hiki ziliundwa kwa wingi kuanzia 1968 hadi 1982. Za mwaka 1977 peke yake ni 49,213. Taa moja ya mbele hainizidi dola 20, ilhali mke wangu alipogonga mnyama barabarani usiku, taa moja ya Camry ilitugharimu dola 480. Kilicho ghali ni mikono ya mafundi, na zaidi ya hapo ni kumpata fundi anayekijua anachokigusa.

Nilijifunza hilo kwa kabureta. Gari likilala siku tatu lilikuwa linakataa kuwaka, hata ukazungusha starta hadi betri ilegee, kisha likishawaka linakwenda vizuri siku nzima. Nilipeleka gereji moja ambayo ilinitoza dola 640 kwa kile ilichokiita marekebisho, na nilipolirudisha nyumbani lilikuwa linakataa kuwaka kama awali, safari hii pamoja na harufu ya petroli. Kijana aliyelishughulikia alikuwa na kompyuta nzuri sana, ila gari langu halina mahali pa kuichomeka. Aliyeniokoa ni mzee mmoja jirani, mstaafu, ambaye aliniambia kwa sentensi moja kwamba kabureta za aina hii huvuja kupitia vizibo vidogo vilivyo chini ya bakuli la mafuta, hivyo bakuli hukauka gari likiwa limesimama. Nilinunua seti ya gasketi na vali kwa dola 65, nikaitandaza kabureta juu ya gazeti mezani jikoni, nikaziba vile vizibo kwa gundi ngumu isiyoyeyushwa na petroli. Vijitundu vya kupitishia mafuta nilivipuliza kwa mdomo kimoja kimoja, kama nilivyomwona mjomba wangu akifanya kwa pikipiki za watu pale Kasulu, na ladha ile ya petroli kwenye midomo sikuwa nimeionja kwa miaka kumi na tano. Asubuhi ya siku ya nne liliwaka kwa mzunguko wa pili.

Taa za mbele zilinisumbua kwa muda mrefu zaidi. Taa hizi hulala ndani ya boneti mchana, na usiku huinuliwa, si kwa mota ya umeme, bali kwa ombwe, yaani ule mvuto wa hewa unaotoka kwenye injini na kusafiri kupitia mipira myembamba iliyozunguka sehemu yote ya mbele ya gari. Mpira mmoja ukipasuka kidogo, mvuto unapungua, na taa zinaanza kuamka kwa zamu. Jioni moja tulikuwa tunarudi kutoka Smiths Grove, jua limeshazama, nikawasha taa. “Baba Neema,” mke wangu akasema, “jicho moja limekataa kufunguka.” Nilisimama pembeni, nikaingiza vidole chini ya kifuniko cha taa ya kushoto nikakiinua kwa mkono hadi kikajifunga, tukaendelea. Wiki iliyofuata nilichukua kipande cha mpira mrefu, ncha moja nikaiweka sikioni na nyingine nikaipitisha polepole kando ya kila kiungo injini ikiwa inawaka, hadi niliposikia mluzi mwembamba nyuma ya taa ileile. Seti nzima ya mipira mipya ilikuwa dola 70. Kuibadilisha kulinichukua Jumamosi mbili, kwa sababu mipira hiyo hutofautiana kwa michirizi ya rangi, na michirizi ya miaka zaidi ya arobaini yote ilikuwa imekuwa ya rangi moja, rangi ya vumbi.

Breki ni jambo ambalo singemshauri mtu kuliahirisha. Gari hili lina breki za diski kwenye magurudumu yote manne, na kila kalipa, yaani kile kishikio kinachobana diski, ina pistoni nne zinazocheza ndani ya chuma kinachoshika kutu maji ya breki yanapovuta unyevu. Kutu hiyo hukwaruza mipira ya kuzibia, hewa huingia, na pedali huzama taratibu chini ya mguu wako, hata kama hakuna tone linaloonekana chini ya gari. Dawa yake inajulikana: kalipa zilizowekewa mikebe ya chuma kisichoshika kutu. Nilinunua nne pamoja na mipira yake kwa dola 520 baada ya kurudisha zile za zamani. Kutoa upepo ndani ya mipira ya breki kulihitaji watu wawili. Mke wangu alikaa kwenye usukani akikanyaga na kuachia kwa amri yangu kwa muda wa saa moja na nusu, na hadi leo anaihesabu saa hiyo na nusu kama deni.

Matairi niliyoyakuta yalikuwa na kashata nzuri kabisa, na nusura niyaache. Pembeni mwa tairi kuna tarakimu nne, mbili za wiki na mbili za mwaka, nazo zilisomeka 2306, yaani wiki ya 23 ya mwaka 2006. Matairi ya umri wa miaka kumi na mitano hayafai kwa gari lolote. Mapya manne yaligharimu dola 760. Mipira ya kuzuia maji kwenye paa, ambalo ni vipande viwili vya kutoa na kurudisha, ilikuwa dola 380. Bado mvua kubwa hupenyeza matone pale vipande vinapokutana na kioo, na kila mara yanadondokea goti langu la kulia. Nina taulo maalumu. Beringi za magurudumu ya nyuma sikuzigusa mwenyewe, kwa sababu zinahitaji vifaa na vipimo ambavyo sina. Nililipa dola 1,350 kwa pande zote mbili, kazi ikiwemo. Ukijumlisha na zile 640 za gereji, ambazo hata ningezitupa mtoni ningepata faida ileile, miaka miwili ya kwanza ilinimega dola 3,785 juu ya bei ya ununuzi. Miaka miwili iliyofuata haikufika 700.

Gharama za kawaida ni nyepesi. Bima yangu ni ya magari ya kale, ambapo mimi na kampuni tulikubaliana mapema thamani ya gari, na ninalipa dola 310 kwa mwaka. Masharti yake ni kwamba gari lilale ndani ya gereji iliyofungwa, niwe na gari lingine la shughuli za kila siku, na nisilikodishe. Sharti hilo la mwisho limenisaidia. Kila msimu wa arusi wanajamii wenzangu hunipigia simu wakiomba “ile gari ya Kaka” impeleke bibi arusi ukumbini, nami hulazimika kueleza kwamba bima hairuhusu, na kwamba hata ingeruhusu, gauni la arusi haliingii. Siti ni mbili, na mizigo hukaa nyuma yake, kwa kuwa hakuna buti linalofunguliwa kwa nje. Kwenda sokoni ni jambo linalowezekana ukikubali kuinamisha siti na kupitisha gunia la mchele juu yake.

Mafuta ndiyo sehemu ambayo watu huniuliza kwanza. Ninapata maili 13 kwa galoni, sawa na kilomita tano na nusu kwa lita, na ninaendesha takriban maili 1,800 kwa mwaka, kwa hiyo petroli hainizidi dola 500. Ningekuwa naenda nalo kazini kila siku hesabu ingekuwa nyingine kabisa, na sidhani kama ndoa yangu ingeimudu. Ninapoweza, ninajaza petroli isiyochanganywa na ethanoli, ambayo ni ghali zaidi, kwa sababu ethanoli hula mipira ya zamani na kuvuta unyevu gari likilala. Oili nayo huichagua yenye zinki, kwa ajili ya kemshafti ya muundo wa zamani (mhimili unaofungua vali za injini), ambayo oili za kisasa haziilindi vya kutosha.

Kiyoyozi hakifanyi kazi. Kiliundwa kwa gesi ambayo Marekani iliacha kuizalisha kufikia 1996, na kukibadilisha kwa gesi nyingine kungegharimu fedha ambazo nimeona heri ziende kwenye beringi. Mwezi Julai, joto la injini na la ekzosi hupita sakafuni likakaa nawe miguuni, nami niliyekulia Kigoma nasema hivyo bila kutia chumvi. Hivyo majira ya joto ninaendesha baada ya saa kumi na mbili jioni, paa nikiwa nimelitoa, na huo ndio wakati ambao gari hili linanilipa kila nilichotumia.

Kuanzia mwisho wa Novemba haliendi popote. Barabara za Kentucky humwagiwa chumvi kwa ajili ya barafu, na chumvi ndiyo adui wa ile fremu niliyoitafuta kwa tochi. Ninajaza tangi hadi juu, natia dawa ya kuzuia petroli isichache, naongeza upepo kwenye matairi, nachomoa betri kutoka kwenye kijisanduku chake nyuma ya siti ya dereva na kuiweka kwenye chaja ndogo juu ya benchi. Bima inaendelea kukatwa miezi yote hiyo. Mwezi Machi nitaondoa turubai, nitarudisha betri mahali pake, na kabla ya kugusa ufunguo nitapiga magoti kuangalia sakafu ya gereji kama kuna doa jipya.