Kliniki ya vijana, kitengo cha magonjwa ya zinaa: nyota nne

Nyota zote nne ni za nesi wa ushauri. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya karatasi ya maelezo wanayogawa mlangoni.

Nilienda na vidonda vidogo sehemu za siri, vinachoma hasa nikikojoa: dalili za hepesi, ugonjwa wa virusi unaoambukizwa kwa ngono. Wasichana wengi tunachelewa kwenda kwa kuogopa lile swali la "umelala na wangapi?" Nesi alilifikia, lakini hakuanzia hapo. Alitaka kujua mwenzangu ana umri gani, kama hutokwa na malengelenge mdomoni, kama kondomu tunatumia kila mara au tukikumbuka, na kama huwa najiosha ndani ya uke kwa sabuni.

Kila swali alilitolea sababu. Mwanamume aliyekuzidi miaka mingi huenda ameshapitia mahusiano mengi, kwa hiyo ni rahisi zaidi awe tayari na virusi vya hepesi. Malengelenge ya mdomoni nayo hufika sehemu za siri kwa ngono ya mdomo. Kujiosha ndani huvuruga bakteria wanaoulinda uke, na wanawake wenye mvurugiko huo huonekana kupata hepesi zaidi. Isitoshe, virusi hivi hupita kwa wepesi kutoka kwa mwanamume kwenda kwa mwanamke kuliko kinyume chake.

Nikamwambia mimi nimekuwa na mwanamume mmoja tu maishani. "Mdogo wangu," akasema, "huyo mmoja anatosha. Wengi wenye virusi hawana kidonda wala hawajui kama wanavyo, na wanaambukiza hivyohivyo." Nilikuwa nimeingia na aibu nzito. Sentensi hiyo iliipunguza kuliko dawa yoyote.

Vipimo walifanya inavyotakiwa. Walichukua majimaji ya kidonda kwa pamba kingali kibichi, hawakukimbilia damu, maana kingamwili, yaani askari wa mwili wanaotafutwa kwenye damu, huweza kuchukua wiki kadhaa hata miezi kabla ya kuonekana. Asiklovia nilianzishwa palepale, nikielezwa wazi kwamba inafupisha maumivu lakini haiviondoi virusi mwilini. Kipimo cha VVU pia nilipewa siku hiyohiyo, kwani hepesi ya aina ya 2, ile inayoshika hasa sehemu za siri, huongeza uwezekano wa kupata VVU karibu mara tatu.

Sasa hiyo karatasi. Inasema uwe mwaminifu na utumie kondomu, basi. Mimi nilikuwa mwaminifu! Kondomu inapunguza hatari, tena sana, ila haifuniki ngozi yote inayogusana, na hilo halijaandikwa popote. Hakuna neno kuhusu mtu asiye na dalili. Hakuna neno kuhusu mjamzito, wakati hepesi ikimpata mama kwa mara ya kwanza karibu na kujifungua, mtoto yuko hatarini kweli. Msichana anayesoma karatasi hiyo peke yake atatoka akiamini kwamba anayeugua ni malaya tu. Naomba uongozi umpe nesi huyu kalamu aiandike upya.

Ukienda, wahi vidonda vikiwa bado vibichi, usipake kitu chochote kabla, na mapokezi waambie unataka kumwona nesi wa ushauri kwanza. Mwenzako naye mwambie aje. Wanampokea bila kumhukumu.