Nimetembezwa Marseille kwa miguu masaa matatu: je, euro 29 zinafaa?

Assalaam alaykum, habari zenu nyote, karibuni tena. Leo niko Marseille, kusini mwa Ufaransa, na hii milingoti mnayoiona nyuma yangu ni ya mashua zilizoegesha Bandari ya Kale, wenyewe waiita Vieux-Port. Upepo mtausikia kwenye maikrofoni, mniwie radhi. Ni ule wa kaskazini uitwao mistral, na leo umeamka nao vibaya.

Wengi wenu mlioko Paris, Brussels, hata Muscat mnaopanga likizo, mmeniuliza swali moja: hizi ziara za kutembezwa mjini kwa miguu, mtu alipe au ashike ramani ya simu ajitembeze? Basi nimelipa. Euro 29 mtu mzima, masaa matatu, kuanzia saa tatu asubuhi hapa hapa bandarini. Pesa ni zangu, hakuna aliyenidhamini. Kampuni siitaji.

Jibu langu nawapa mapema ili mwenye haraka aende zake: lipa. Lakini ziara ikiisha usirudi hotelini, maana nusu ya mji inayotuhusu sisi hutaonyeshwa. Hiyo nitawaonyesha mimi mwishoni.

Haya, tuanze. Ngoja nigeuze kamera. Hapa chini, mnaona hili bamba la shaba watu wanalikanyaga? Limeandikwa kwamba mabaharia wa Kigiriki walitia nanga hapa mnamo mwaka 600 kabla ya Kristo, wakitokea Phocaea, ambayo leo iko pwani ya Uturuki. Mji wakauita Massalia. Mwenyeji wetu, dada mmoja mzaliwa wa hapa, alitusimulia kisa chenyewe: mfalme wa wenyeji alikuwa anamwoza binti yake, Gyptis, na desturi ilikuwa binti ampe kikombe yule amtakaye. Binti akampa mgeni aliyeshuka melini siku hiyo, Protis. Mahari ikawa ardhi ya kujenga mji. Niliposikia hivyo nikaikumbuka Kilwa, na yule Mshirazi wa kwenye tarikh aliyekinunua kisiwa kwa nguo za kukizunguka chote. Miji ya pwani hupenda kueleza kwamba mgeni alikaribishwa, hakuvamia. Mimi nimezaliwa Mji wa Kale, Mombasa, visa vya namna hii nimekua navyo, na nilipenda sana kwamba yule dada alikisimulia kama kisa, hakukitia chumvi kikawa historia.

Pembeni kidogo ni soko la samaki la asubuhi. Meza chache tu, wavuvi wenyewe na wake zao, pweza bado anajinyonga kwenye beseni. Ukija saa tano umechelewa. Juu yake kuna paa kubwa la chuma lililong'arishwa kama kioo, kazi ya msanifu majengo Norman Foster ya mwaka 2013. Ukiinua kichwa unajiona umesimama juu chini. Watoto walilipenda kuliko kitu chochote.

Sasa twende upande wa kaskazini wa bandari, na hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo nilipoona thamani ya kulipa mtu akutembeze.

Tazameni haya majengo yanayoitazama bandari. Mazuri, ya mawe, yamenyooka, roshani zake zimepangwa sawasawa. Mimi nilishapita hapa jana yake peke yangu nikapiga picha nikaenda. Sikuelewa chochote. Yule dada alituweka tukaipa mgongo bahari, akatuuliza: mmeona nini? Hakuna aliyejibu. Akasema, mnachokiona ni kaburi.

Januari 1943, wakati wa vita vya pili, Wajerumani walikuwa wameikalia Marseille. Kuanzia tarehe 22 mpaka 24 mwezi huo, polisi wa Kifaransa wakishirikiana nao walipita nyumba kwa nyumba. Mtaa huu ulikuwa wa mabaharia, makuli, wahamiaji wa Kiitaliano, Mayahudi, watu wa kipato kidogo, na wakubwa walikuwa wameshauita uchafu kwa miaka mingi. Watu kama 20,000 walitolewa majumbani na vifurushi mkononi. Mamia ya Mayahudi waliokamatwa siku hizo walipelekwa kwenye kambi ya mauaji ya Sobibor. Kisha kuanzia tarehe 1 Februari wakaanza kutega baruti, nyumba baada ya nyumba, na majengo kama 1,500 yakalala chini. Wakabakisha machache, likiwemo jumba la manispaa la karne ya 17 lile pale, na ile nyumba ya kule nyuma ambayo ukuta wake umechongwa kama almasi, Maison Diamantée. Haya mawe yaliyonyooka yalijengwa baada ya vita.

Halafu akatupandisha mpaka barabara inayoitwa Rue Caisserie. Simameni nami hapa katikati. Kushoto kwangu barabara pana na majengo mapya. Kulia kwangu ngazi, vichochoro, nguo zimeanikwa dirishani, paka. Barabara hii ndiyo ulikokoma ule uvunjaji. Hakuna kibao kinachokupigia kelele, ramani ya simu haitakwambia, lakini ukishaambiwa, macho yako hayaioni tena kama barabara. Mimi mtoto wa Mji wa Kale, nilijiuliza vichochoro vya kwetu, kuanzia Kibokoni mpaka Ndia Kuu, vingelipuliwa kwa wiki mbili, mtu angerudi akasimama wapi akasema hapa ndipo palikuwa kwetu? Sehemu hii peke yake, kwangu, ilistahili zile euro 29.

Mtaa wa upande wa ngazi unaitwa Le Panier. Viatu, jamani. Sitaki kumwona mtu na kandambili. Ngazi za Montée des Accoules zilitoa watu wawili jasho mpaka wakaomba kukaa. Kama unakuja na mama yako mwenye magoti mabaya, mwulize mwenye ziara mapema kama kuna njia ya kuzunguka, kwa sababu kwetu haikutajwa mahali popote wakati wa kukata tiketi. Hilo ni kosa, na nimewaandikia kuwaambia hivyo.

Na nikishafika kwenye makosa, niyamalize. Tangazo lilisema kundi la watu 12. Tulikuwa 22. Kwenye kichochoro cha upana wa mikono miwili, watu 22 maana yake wa nyuma hasikii. Tulipewa kifaa kidogo cha kuvaa sikioni, changu kilikuwa kinakoroma. Halafu lugha ni Kifaransa au Kiingereza, basi. Na dakika 20 za mwisho tuliingizwa kwenye duka la sabuni. Sabuni ya Marseille ina historia yake kweli, amri ya mfalme ya mwaka 1688 ilikuwa imeshaweka kanuni za namna ya kuipika, na ile halisi hugongwa muhuri wa asilimia 72 ya mafuta. Lakini hatukuelezwa hayo, tulielezwa bei.

Vieille Charité, hili jengo la rangi ya waridi. Mchoraji wake, Pierre Puget, alizaliwa mtaa huu huu wa Le Panier mwaka 1620. Ujenzi ulianza 1671 ukamalizika 1749. Angalieni matao, ghorofa tatu, yanazunguka ua mzima, na katikati kanisa lenye kuba la umbo la yai. Uzuri wake unakunyamazisha. Kisha unaambiwa lilijengwa ili kuwafungia ombaomba na maskini wasionekane mitaani. Leo ndani kuna makumbusho, na moja lina vitu vya sanaa vya Afrika. Mwenyeji wetu alilipita kwa sentensi moja. Nyinyi msilipite, rudini alasiri.

Kutoka hapo unateremka kwenye kanisa kuu la La Major, lenye mistari ya mawe meupe na ya kijani, na uwanja wa La Tourette unaotazama bahari. Hapa alisimulia tauni ya mwaka 1720. Meli iitwayo Grand-Saint-Antoine ilitoka Sham na shehena ya vitambaa, mabaharia wameshakufa njiani, na ilipaswa kukaa karantini. Wenye mali walikuwa na haraka ya kuuza. Vitambaa vikaingia mjini. Mji wa watu kama 90,000 ukapoteza karibu nusu. Alisimulia vizuri, kwa sauti ya chini, upepo ukivuma. Mwisho ni ngome ya Saint-Jean na daraja jembamba la kuvukia mpaka makumbusho ya MuCEM, lile jengo la saruji iliyotobolewa kama wavu. Kuhusu ngome, jambo moja: Louis wa 14 alipozijenga hizi mbili za mdomo wa bandari, mizinga mingine ilielekezwa mjini, maana watu wa Marseille walikuwa wameasi. Wa Mombasa tunaelewa. Fort Jesus nayo haikuwa ya kuwatisha wa baharini peke yao.

Hapo ziara ikaisha, makofi, kila mtu kivyake.

Sasa sikilizeni. Masaa matatu tumesikia Wagiriki, Waroma, Waitaliano. Hatukusikia Wakomoro. Na mji huu una makumi ya maelfu ya Wakomoro. Kutoka kwenye hilo daraja mkitembea dakika kumi na tano kuelekea kaskazini mnafika La Joliette, bandari mpya, iliyofunguliwa 1853 kwa ajili ya meli za moshi. Lile ghala refu pale lina urefu wa mita 365. Baada ya Mfereji wa Suez kufunguliwa mwaka 1869, hapa ndipo zilipong'oa nanga meli za kampuni ya Messageries Maritimes, na njia yao moja ilipita Port Said, Djibouti, Mombasa, Zanzibar, Komoro mpaka Madagaska. Wakomoro wengi wa mwanzo kukaa Marseille walikuwa mabaharia wa meli hizo za Kifaransa, kazi zao chini kwenye joto la injini. Familia zikaja kuwafuata, hasa kuanzia miaka ya sabini. Nilimwuliza yule dada kwa nini hawamo. Akasema kwa unyoofu kabisa: njia haifiki huko. Basi ifikisheni. Ni dakika kumi na tano.

Na ukishuka stesheni ya treni ya Saint-Charles, zile ngazi 104, kuna sanamu mbili za wanawake waliolala, zimechongwa miaka ya ishirini kuwakilisha makoloni ya Afrika na Asia. Mji umetuweka kwenye ngazi zake. Wenye kusimulia mji watuweke na kwenye maneno.

Kwa hiyo alama yangu ni 7 kwa 10. Mwenyeji mwenyewe 9. Kampuni imemwangusha kwa kujaza watu na kwa lile duka. Nunua ile ya asubuhi, uliza kwa maandishi idadi ya watu, simama mbele, beba maji. Ikiisha, panda kivuko kidogo cha bandarini, ule panisse, unga wa dengu umekaangwa, ni bajia iliyokosa pilipili. Kisha nenda Noailles.

Nilienda. Soko limejaa mihogo, ndizi, viungo, na hatua chache tu ni Rue d'Aubagne, ambako nyumba zilianguka tarehe 5 Novemba 2018 zikaua watu 8, na uwanja wa karibu sasa unaitwa kwa tarehe hiyo. Nilimkuta mzee wa Kikomoro amekaa kwenye kiti cha plastiki, kofia kichwani. Nikamwambia shikamoo babu. Akaitikia marahaba, akaniuliza natoka wapi. Nikasema Mombasa. Akasema Kilindini, na akanyoosha mkono kuonyesha gati lilivyokuwa linapinda, korongo ziko upande gani. Alishuka pale kijana, meli ikingoja shehena. Nikamwachia mfuko wa tende nilizonunua. Akaupokea kwa mikono miwili akasema tena marahaba, na kwao hiyo ndiyo asante.