ThunderShirt kwa mbwa mwoga wa radi: kabla ya kuisifu, mtazame mbwa vizuri

ThunderShirt ni fulana ya kubana ya mbwa wanaoogopa radi na fataki. Ilianza kuuzwa mwaka 2009 huko Durham, North Carolina, nchini Marekani. Kitambaa chake cha kuvutika hukizunguka kifua na tumbo, kikafungwa kwa velkro, na kumbana mbwa kwa kadiri, kama mtoto mchanga anavyoviringishwa kwenye khanga. Kwa baadhi ya mbwa inasaidia kweli. Kwa wengine haibadilishi lolote. Wapo pia ambao inaificha hofu yao wakati hofu yenyewe iko palepale, na hao ndio wanaotutia wasiwasi, kwa sababu wenye mbwa huwa wameridhika.

Mbwa akivalishwa mara ya kwanza mara nyingi husimama kama sanamu. Nyumba nzima hufurahi kwamba ametulia, kumbe ameganda. Aliyeganda misuli yake imekaza, mdomo umefungwa kabisa au pembe zake zimevutwa nyuma, uzito wote ameuegemeza miguu ya nyuma, na macho hayapepesi. Aliyetulia hulegea: hubadilisha mkao, hunusa huku na huku, hulala ubavu. Ukiona sanamu, vua fulana hiyo na uanze upya siku nyingine.

Ili ujue kama fulana inafanya kazi, mchunguze kwanza siku moja ya ngurumo bila kumvalisha, uandike unachokiona. Anza na pumzi. Hesabu kifua kinavyopanda kwa sekunde 15, kisha zidisha kwa 4. Mbwa mzima aliyepumzika kwa kawaida hapumui zaidi ya mara 30 kwa dakika. Kutweta kwa joto na kwa hofu hufanana, ila mwenye joto ulimi wake huning'inia umelegea, na mwenye hofu uso hukaza na paji hukunjana. Usiku wa baridi wa Julai kule Limuru, Kenya, mbwa anayetweta amelala sakafuni hana joto la kumtwetesha.

Kisha tazama sakafu. Mbwa ana tezi za jasho kwenye nyayo, na akiogopa huacha alama za unyevu kwenye vigae au sementi. Dalili hii tunaiamini sana, maana huonekana hata kwa mbwa aliyekaa kimya. Pitisha mkono mgongoni pia: manyoya yanayobaki kiganjani kwa wingi wa ghafla, au mba mweupe uliojitokeza juu ya manyoya meusi, ni hofu hiyohiyo. Kwenye macho, mboni hupanuka hata penye mwanga, na weupe wa jicho hujitokeza pembeni kama mwezi mwandamo. Kupiga miayo bila usingizi, kulamba pua bila chakula na kunyanyua mguu mmoja wa mbele huja mapema, kabla hajafyata mkia na kuanza kutetemeka. Anayesubiri hadi mtetemeko ndipo atafute fulana amechelewa.

Sasa fulana yenyewe. Saizi zinaanzia XXS hadi XXL. Pima kwa utepe mzingo wa kifua nyuma kidogo ya miguu ya mbele, na kipimo hicho kikitoa saizi tofauti na ile ya kilo za mbwa, fuata kifua. Vidole viwili vilivyolala bapa vipite chini ya kitambaa kwa shida kidogo. Ikilegea haimbani, imekuwa nguo tu. Ikibana mno pumzi zinakuwa fupi, anashindwa kulala, na kwapa zinachubuka. Mbwa wetu wengi wa kienyeji wana kifua kirefu na kiuno chembamba, kwa hiyo fulana iliyokaa sawa kifuani huachia tumboni. Kaza upya sehemu ya nyuma baada ya mbwa kutembea hatua chache.

Velkro ndiyo kasoro kubwa ya bidhaa hii. Mnyama anayeogopa kelele anavalishwa kitu chenye sauti ya kukwaruza karibu na sikio lake! Iachanishe ukiwa chumba kingine kabla ya kumvalisha, na wakati wa kuvua ifungue taratibu huku umeifunika kwa kiganja.

Mzoeshe siku za utulivu. Siku ya kwanza tandaza fulana sakafuni, weka juu yake vipande vidogo vya kuku wa kuchemsha, ale. Siku inayofuata ilaze mgongoni bila kufunga. Baadaye funga kwa dakika 5, halafu 10, halafu 20, daima pakiwa na chakula. Ukimvalisha siku za radi peke yake, atajifunza kwamba fulana ndiyo inayoleta radi, na ataanza kutetemeka akiiona tu. Akishaizoea, mvalishe mawingu yanapokusanyika, au dakika 20 hivi kabla ya fataki za mkesha wa mwaka mpya. Asiachwe peke yake nayo siku za mwanzo.

Fulana ikiwa mwilini, mpe tena kuku. Akipokea taratibu, inamsaidia. Akinyakua kwa meno makali, bado ana hofu. Akikataa kabisa chakula anachokipenda, hofu imemzidi, na fulana peke yake haitamtosha.

Mombasa au Dar es Salaam mwezi wa Februari, itumie penye feni au kiyoyozi tu. Mbwa hupoza mwili kwa kutweta na kwa tumbo lenye manyoya machache, na tumbo ndilo fulana inalofunika. Mbwa wa pua fupi kama pug na bulldog wa Pwani wasivalishwe kabisa.

Kabla ya kununua, jaribu bandeji ya krepu, ile inayovutika, ya upana wa sentimita 10 kutoka duka la dawa. Weka katikati yake kifuani, pandisha ncha mbili zipishane juu ya mabega, zishushe zipishane chini ya mbavu, halafu funga fundo pembeni, mbali na uti wa mgongo. Ibane kidogo tu. Ukiona nafuu, fulana ina nafasi ya kukusaidia, na ni rahisi zaidi kuvalisha.

Anayeumia kwa kujigonga mlangoni au kuruka ukuta anahitaji daktari wa mifugo. Kwa hofu ya kelele ipo jeli ya dawa iitwayo deksmedetomidini inayopakwa kwenye ufizi, iliyoidhinishwa Marekani. Ukiandikiwa asepromazini, dawa ya kutuliza, peke yake, uliza maswali: hulegeza mwili na kuacha hofu ilivyo. Na mbwa anayedondokwa udenda huku tabia imebadilika ghafla, hasa asiyechanjwa kichaa cha mbwa, usimvalishe chochote wala usiguse mdomo wake. Jitenge naye umpigie daktari.

Kuhusu usafi, funga velkro kabla ya kufua, tumia maji baridi, anika kivulini. Manyoya yaliyonasa yatoe kwa mswaki mkavu, la sivyo velkro huachia mbwa anaponyanyuka na mbano unapotea katikati ya ngurumo.