Alinitembeza Napoli, akaruka matunda na mkate

Hela ya shemeji yangu imekwenda bure. Anaishi Italia, anajua nilivyo na kiu ya historia za wanyonge waliowatikisa wakubwa, akatulipia matembezi ya saa tatu mjini Napoli, habari yenyewe ikiwa Masaniello, mvuvi aliyeongoza maasi ya mji huo mwaka 1647. Ilikuwa kiangazi, jua la utosi, nami nilikwenda na furaha ya mtoto siku ya Idi.

Tulipofika Piazza Mercato, mwongoza watalii alimmaliza Masaniello kwa dakika chache: mvuvi kichaa aliyetawala mji siku kumi, akavishwa nguo za nyuzi za fedha, akapigwa risasi. Watu wakacheka, kundi likaanza kuondoka.

Nikanyoosha mkono. Na ushuru wa matunda je? Maana mfalme wa Hispania, aliyeitawala Napoli, alitaka fedha za vita, na liwali wake, Duke wa Arcos, akautoza ushuru hata kwenye matunda, chakula cha maskini wakati wa joto. Jumapili ya tarehe 7 Julai 1647, kwenye mawe yale yale tuliyoyakanyaga, ugomvi wa nani alipe ushuru huo uligeuka vurugu, ofisi za ushuru zikachomwa moto. Mwongozaji akajifanya hakusikia.

Nikauliza tena: na yule mzee Genoino? Mwanasheria, padri, mtu aliyekwisha kufungwa kwa siasa zake miaka mingi kabla. Masaniello alikuwa na umri wa miaka 27 na sauti ya kuita soko zima. Madai ya kisheria yaliyopelekwa kwa liwali yalipitia kichwa cha mzee huyu. Hapo ndipo aliponigeukia: "Wewe umetoka Afrika, haya ya kwetu umeyajulia wapi?"

Shemeji akaninong'oneza, "Achana naye, shemeji." Nikanyamaza, lakini mikono ilitetemeka. Mama yangu amechuuza machungwa miaka na miaka. Ushuru wa soko niliujua kabla sijajua kusoma. Nimemwona akihesabu sarafu alfajiri, kabla hajauza hata chungwa moja, mtoza ushuru amesimama juu yake. Leo mtu aniulize nimeyajulia wapi!

Haki yake nimpe. Kuna mahali alisimama akapaza sauti kwa Kiitaliano ule mwito wa waasi: aishi mfalme wa Hispania, ife serikali mbovu! Nywele zilinisimama. Nilikuwa nimeusoma, sikuwahi kuusikia. Maneno machache tu, lakini tazama yanavyofanya kazi: yanamwambia mchuuzi kwamba yeye si msaliti, yeye ndiye mtiifu, na wasaliti ni hao wanaokula kwa jina la mfalme. Mtu akishaamini hivyo, hofu inamtoka. Wanaotafuta mizizi ya siasa za "sisi wananchi na wale wezi" katika Ulaya ya zamani wangeanzia hapo hapo. Kwa sauti ile nilikuwa tayari kusahau yote, nikamwazia nyota tatu.

Kisha tukaingia kanisa la Carmine, mahali Masaniello alipouawa tarehe 16 Julai, sikukuu ya Bikira Maria wa kanisa hilo hilo. Kichwa kikakatwa, kikapelekwa kwa liwali. Mwongozaji akaishia hapo, tena akitabasamu. Mkate hakuutaja! Kesho yake watu walikuta mkate umepunguzwa uzito. Ndipo walipotambua wamepoteza nini. Wakautafuta mwili, wakakirudisha kichwa, wakamzika kwa heshima kubwa, wengi wao wale wale waliokuwa wakimkimbia alipoanza kutoa amri za ajabu. Unawezaje kusimama ndani ya kanisa lile usiuseme mkate? Huko ni kumwua mara ya pili.

Kama uko Napoli, okoa fedha zako. Panda mlimani hadi jumba la makumbusho la San Martino, utaona mchoro wa Domenico Gargiulo, mtu aliyeishi mjini humo wakati ule, uwanja wa soko umefurika watu. Nilisimama mbele yake siku ya pili, peke yangu, nikamtafuta mama yangu katika nyuso zile ndogo ndogo.

Zile nyota tatu nimezifuta. Nimebakiza moja, nayo ni ya shemeji, aliyelipa.