Kabla ya kulipia multituli, igeuze uangalie kichwa chake

Muuzaji akishakuwekea multituli, mashine ya mkononi ya kukata na kukwangua, juu ya kaunta, ataanza kukusifia wati, kisha atakuhesabia bledi zilizojaa kwenye boksi. Hayo yaache kwanza. Igeuze mashine, tazama pale bledi inapofungwa. Wati utazisahau baada ya wiki, lakini hapo ndipo mkono wako utakapokuwa unaenda kila unapotoka kwenye mbao kwenda kwenye grauti (kijazio cha katikati ya marumaru), na ndipo vidole vinapokaribiana na meno.

Kwa fundi wa Dodoma kuna mifumo mitatu ya kufunga bledi: ya bolti, ya mkono wa kubana (kishikio kinachofunga bledi bila spana), na Starlock, ambayo bledi inashikwa na kiti chenye umbo la nyota. Tathmini hii inaipima kwa jambo moja tu: bledi inabadilishwaje kwa usalama kwenye saiti yenye vumbi, umeme ukiwa unakuja na kuondoka.

Kwa asiyeijua mashine yenyewe, multituli haizungushi bledi kama grainda. Inaitikisa kushoto na kulia kwa pembe ndogo sana. Bosch GOP 30-28, kwa mfano, ina wati 300, inatikisa nyuzi 1.4 kila upande, mara 8,000 hadi 20,000 kwa dakika. Ndiyo maana inafika mahali ambapo grainda haithubutu: kukata mguu wa fremu ya mlango ili marumaru ipite chini yake, kufungua tundu la soketi kwenye jipsamu, kukwangua grauti, kukata msumari uliobanwa katikati ya mbao mbili. Hairuki mkononi, na upole huo ndio unaowaponza watu. Utasikia saiti mtu akisema "hiyo haikati mkono." Maneno hayo yanaufaa msumeno wa hospitali wa kukatia POP (plasta ya mfupa uliovunjika), ambao nao hutikisika hivyohivyo, na ngozi hucheza pamoja na meno yake bila kuchanika kirahisi. Bledi ya mbao ni jambo jingine kabisa. Ina meno makali ya kuchana, na itakuchana hata mashine ikiwa imezimwa, spana ikikuteleza tu.

Tuanze na ya bolti, maana ndiyo iliyojaa madukani. Kichwani kuna kiti chenye pini au meno madogo, bledi ina matundu yanayoingia kwenye pini hizo, halafu bolti na washa vinaikandamiza. Unafungua kwa spana ya aleni, ile ya pembe sita inayoingia ndani ya tundu la bolti, inayokuja ndani ya boksi. Ni mfumo rahisi, hauna kinachokufa kirahisi, na vumbi haliuzuii kufanya kazi. Wanaoudharau kwa kuwa ni wa zamani wanauonea. Tatizo lake liko kwa mtumiaji: una hatua nyingi, na mtu mwenye haraka huruka mojawapo.

Hatua inayorukwa kuliko zote ni ya kuchomoa plagi. Multituli nyingi za waya zina swichi ya kusukuma mbele, ambayo ikishakaa haijirudishi yenyewe. Umeme ukikatika katikati ya kazi, mashine inanyamaza, na fundi anaona ndiyo nafasi nzuri ya kubadilisha bledi. Swichi bado iko mbele. Umeme ukirudi, kichwa kinaanza kutikisika huku spana ikiwa ndani ya bolti na vidole viko juu ya bledi. Kwa hiyo utaratibu ni huu: rudisha swichi nyuma, chomoa plagi ukutani au kwenye ekstensheni, kisha iweke plagi mahali unapoiona. Ikiwa mashine ni ya betri, toa betri kabisa, usitegemee swichi.

Cha pili ni joto. Bledi iliyotoka kukata msumari au mninga mkavu inaunguza, na bolti nayo hupata moto kwa sababu imegusana nayo. Iache ipoe, au vaa glavu za ngozi. Glavu za plastiki zitakugandia mkononi.

Sasa ilaze mashine kwenye meza au ubao, meno yakiangalia mbali nawe. Shika mwili wa mashine, usishike bledi. Angalia pia upande unaovutia spana: ipange ili ikiteleza, mkono uende kwenye hewa tupu, usielekee kwenye meno. Bolti inafunguka kinyume cha saa. Ikigoma, usiipige nyundo, maana mshtuko unaingia kwenye beringi za kichwa. Hakikisha aleni imezama hadi mwisho, kisha vuta kwa nguvu moja isiyokatika. Tundu la bolti likishakuwa duara kwa sababu ya aleni iliyozama nusu, utahangaika kuifungua mpaka utamani kununua nyingine.

Bledi ikishatoka, hapa Dodoma kuna kazi ambayo vitabu vya maelezo huitaja kwa mstari mmoja tu: kusafisha kiti. Unga wa jipsamu na vumbi jekundu hujishindilia katikati ya pini na kugeuka kama udongo mkavu. Ukiweka bledi juu yake, inaonekana imekaa kumbe imeinuka kidogo upande mmoja. Bolti itakaza, lakini itakuwa imekaza juu ya vumbi. Baada ya dakika chache za mtikisiko vumbi hilo linapondeka, nafasi inapatikana, bledi inaanza kulia. Kuanzia hapo kila mtikisiko unakula kingo za matundu ya bledi na kulainisha pini za kiti. Bledi utanunua nyingine, kiti kikishaliwa mashine imekwisha. Mswaki wa zamani unatosha kabisa kwa kazi hii. Pita kwenye pini, kwenye uso wa bledi na chini ya washa. Usipulizie kwa mdomo, vumbi litaishia machoni.

Weka bledi mpya kwa kuikalisha, usiilazimishe. Kwenye kiti cha pini 12 unaweza kuigeuza kwa hatua za nyuzi 30, kwa hiyo ukitaka kukata pembeni mwa ukuta, ielekeze pembeni kabla ya kufunga badala ya kujipinda wewe. Washa irudi kwa upande uleule iliotokea. Kaza kwa nguvu ya mkono kwenye aleni, bila kuongezea bomba. Kisha ishike bledi pande zake mbili, mbali na meno, uitikise: isicheze hata kidogo. Ndipo urudishe plagi, uwashe kwa kasi ndogo kwa sekunde chache bila kugusa kitu, kichwa kikiangalia mbali na watu. Sauti iwe moja, tulivu. Ikilia kama sarafu ndani ya kopo, zima, chomoa, rudia kukaza. Hata ikiwa sawa, kata kidogo kisha kagua bolti mara moja zaidi.

Mfumo wa mkono wa kubana, kama wa Makita DTM51 ya betri, unaondoa spana. Unainua mkono, unachomoa pini ya kubana, unabadilisha bledi, unarudisha pini, unafunga. Kwa fundi wa marumaru anayebadilisha bledi mara nyingi kwa siku, tofauti utaiona kabla ya chakula cha mchana. Lakini urahisi huu una masharti. Springi yake ina nguvu. Vidole visiwe chini ya mkono unapoufunga. Na vumbi likiingia kwenye njia ya pini, mkono haushuki hadi mwisho. Mkono usiolala sawa na mwili wa mashine ni bledi isiyofungwa, hata kama unaiona imeshika. Fungua, safisha, funga tena. Pini hiyo nayo hupotea kirahisi kwenye kifusi, kwa hiyo ukiitoa iweke mfukoni au kwenye kifuniko, si sakafuni.

Starlock ililetwa na Bosch na Fein mwaka 2016. Kiti chake si bapa, kina umbo la bakuli lenye pembe kama nyota, na bledi ina umbo hilohilo, hivyo nguvu haipotei kwenye pini ndogo. Kwenye GOP 40-30 unailaza bledi mezani, unaikandamiza kwa kichwa cha mashine hadi isikike ikishika, basi. Vidole havigusi meno. Kuitoa, unavuta mkono wa mashine na bledi inadondoka yenyewe, na hapo ndipo pa kuangalia: inadondoka ikiwa ya moto. Elekeza kichwa juu ya meza, si juu ya kandambili zako wala waya wa umeme. Ila usidhani kila yenye jina la Starlock haina bolti. GOP 30-28 ina kiti cha Starlock lakini bado inakazwa kwa aleni. Kuna madaraja matatu pia. Bledi za Starlock zinaingia kwenye mashine zote tatu, za StarlockPlus zinaingia kwenye Plus na Max, za StarlockMax zinaingia kwenye Max peke yake. Za zamani zilizo bapa hazikai kwenye kiti hicho, na adapta za bati zinazodai kulitatua hilo hatuzipendekezi. Zinaongeza sehemu nyingine ya kulegea.

Bledi zenyewe zinachangia. Ya chuma cha kawaida ni ya mbao safi, jipsamu na PVC; ikikutana na msumari mmoja meno yake yanafutika. Kwenye mbao za zamani, ambazo huficha misumari, tumia ya baimetali, yaani ya metali mbili zilizounganishwa. Grauti na marumaru zinataka ile yenye chembe za kabaidi, ambayo ni ngumu sana, pamoja na barakoa na miwani, kwa kuwa vumbi lake ni baya kuliko la mbao. Bledi iliyogeuka bluu kwenye ncha imepoteza ugumu, usiibakishe ukidhani itakufaa kwa jipsamu. Bledi butu inakufanya usukume, kusukuma kunaleta joto, na joto linalegeza kila kitu kichwani. Ukiitupa, izungushie tepu ya karatasi kwenye meno, kuna mtu atakayebeba huo mfuko wa takataka.

Hukumu yetu: anayefanya marekebisho ya nyumbani mara chache, ya bolti inamtosha, na hela iliyobaki anunue bledi tatu za baimetali. Fundi wa kila siku anayeshinda kwenye nyumba mpya za Iyumbu au Ilazo achukue ya mkono au StarlockPlus, mradi ahakikishe kwanza kuwa bledi zake zinapatikana mjini bila kuagiza Dar. Dukani omba wakufungulie na kufunga bledi mbele yako, mashine ikiwa haijachomekwa. Pini za kiti ziwe na kingo kali, aleni iingie kwenye bolti bila kucheza, na mkono ulale wenyewe bila kulazimishwa. Ukirudi baadaye kununua bledi, nenda na ile ya zamani mkononi uilinganishe matundu, maana picha ya kwenye pakiti haikuonyeshi kama itakaa.