Ajira Portal au foleni ya uwanjani?

Kazi za utumishi wa umma Tanzania na ukuruta wa jeshi Kenya si za aina moja, najua. Ninacholinganisha ni mlango wa kuingilia.

Tanzania, Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma hupokea maombi kupitia Ajira Portal, mfumo wake wa mtandaoni. Unajisajili kwa namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa), unapakia vyeti na barua iliyosainiwa, kisha unasubiri orodha ya majina ya walioitwa kwenye usaili. Hapo ndipo penye utamu na uchungu: huhitaji nauli ya kuomba, lakini ukiitwa kwenye usaili, tangazo linakuambia ujigharamie chakula, usafiri na malazi. Na jina la cheti likitofautiana na la kitambulisho, andaa hati ya kiapo cha jina mapema. Wengi hukwama hapo.

Jeshi la Ulinzi la Kenya huita makuruta wake viwanjani, kaunti kwa kaunti. Urefu, mbio, meno, vyeti halisi, vyote vinakaguliwa mbele ya umati, na aliyefaulu huondoka na barua ya wito. Jibu ni la haraka. Matapeli wa barua bandia nao hawakosi.

Kwa mhasibu au daktari, naichagua portal bila kusita. Uwanjani nako uzuri ni kwamba unajua papo hapo kama kilichokuangusha ni mbio.